Tosta Imekataa Kushika? Angalia Haya Kabla ya Kumtumia Fundi Pesa

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapa Waithaka. Chai iko tayari, watoto wanangoja mkate, lakini kila ukisukuma kishikio cha tosta chini, kinaruka juu papo hapo. Unampigia fundi, naye anataka atumiwe kitu kidogo ndio aje. Subiri kwanza. Dakika kumi zinaweza kukuokolea hizo pesa.

Kwenye tosta nyingi, kishikio hubaki chini kwa nguvu ya sumaku inayoendeshwa na stima. Stima isipofika, sumaku haipo, na kishikio hakishiki. Kwa hivyo kishikio kuruka si dalili kwamba tosta imekufa.

Anza hivi:

1. Soketi. Chomeka chaja ya simu pale pale. Isipochaji, shida si tosta. Angalia kama tokeni zimeisha.

2. Fyuzi. Plagi zetu za miguu mitatu huwa na fyuzi ndani. Chomoa plagi, toa fyuzi, weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke kipande cha waya badala yake. Hapo unakaribisha moto nyumbani.

3. Chembechembe za mkate. Chomoa, acha ipoe kabisa, toa trei ya chini, kisha igeuze na kuitikisa. Chembe zikijaa huzuia kishikio kufika chini. Usichokore kwa kisu, wala usiioshe kwa maji.

Lakini kama upande mmoja hauwaki, waya umechubuka, kuna harufu ya kuungua au umepigwa shoti, wacha hapo. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ukifika kwa fundi, linda pesa zako:

• Mwache aikague kwanza, akwambie kilichoharibika na bei yote kwa jumla. Linganisha na bei ya tosta mpya, mtaani au kule Luthuli Avenue. Ukarabati ukikaribia bei ya mpya, hauna maana.

• Ukilazimika kulipa kitu mapema, kiwe cha spea tu. Salio lipa baada ya kuona mkate umeiva mbele yako.

• Kama ana till, lipa kwa till. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa la mtu usiyemjua, uliza kwanza.

• Usifute ujumbe wa malipo. Una namba ya muamala, tarehe na kiasi, na tosta ikigoma tena wiki ijayo, huo ndio ushahidi wako kwamba ulilipa.

Na ikiwa shida ilikuwa chembe za mkate tu, hongera! Zile pesa za fundi sasa nunulia tokeni.