Arnold Schönberg: Nadharia ya Umbo na Kazi ya Mtunzi

Kitabu ambacho Arnold Schönberg aliwaandalia wanafunzi wa utunzi nchini Marekani kilichapishwa mwaka 1967, miaka 16 baada ya kifo chake. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyevunja taratibu za muziki wa Ulaya anafundisha humo hasa kwa mifano ya Beethoven. Sonata ya kwanza ya piano ya Beethoven ndiyo kielelezo chake maarufu: wazo la baa mbili linatajwa, linarudiwa kwa sauti nyingine, kisha linakatwakatwa vipande vifupi hadi baa ya nane. Hapo ndipo ilipo nadharia yake yote. Muziki huanza na motifu, yaani wazo dogo la sauti. Kila inaporudi hubadilishwa kidogo, na mabadiliko hayo huzaa mawazo mapya. Umbo, basi, hukua kutoka ndani. Katika mhadhara wa redio wa mwaka 1933 alimsifu Brahms kwa ustadi huohuo.

Kazi zake mwenyewe hazikufuata njia hiyo iliyonyooka. Mwaka 1909, alipokuwa ameshaacha funguo za muziki, alimwandikia mtunzi Busoni kwamba anataka kujikomboa na maumbo yote, hata motifu. Mwaka huohuo alitunga kwa siku 17 tu opera ya *Erwartung*, ya mwimbaji mmoja na okestra, inayochukua takriban nusu saa na ambayo karibu haina mada inayorudi. Vipande vya piano vya mwaka 1911 ni vifupi mno. Vitatu kati ya sita vina baa tisa tisa. Baadaye alikiri sababu: bila ufunguo wa kuushikilia, muziki mrefu ulimshinda, ndiyo maana alitegemea maneno ya mashairi na tamthilia yambebe.

Dawa aliipata kati ya mwaka 1921 na 1923: noti zote 12 zipangwe katika safu moja, na utungo mzima utoke katika safu hiyo. Ilitarajiwa kwamba lugha mpya ingezaa maumbo mapya. Kinyume chake, Suti ya piano, Opus 25, ina gavoti, minueti na jigi, ngoma za karne ya 18. Mtunzi Mfaransa Pierre Boulez alimshutumu vikali kwa hilo mara tu baada ya kifo chake, akiona mvinyo mpya umetiwa katika viriba vikuukuu. Shutuma hiyo ina ukweli, ila inasahau kwamba kwa Schönberg safu ilikuwa chombo cha kumrudishia uwezo wa kujenga kazi ndefu, na maumbo ya zamani ndiyo aliyoyajua kwa undani kuliko mtu yeyote wa kizazi chake.

Tena hakuishia hapo. Mwaka 1946, muda mfupi baada ya shambulio la moyo lililokaribia kumuua, alitunga Trio ya fidla, viola na selo: sehemu tatu zilizounganishwa kwa vipindi viwili vya kati, na milipuko ya sauti inayokatizwa ghafla. Alimweleza mwandishi Thomas Mann kwamba ugonjwa wake wote umo humo. Umbo kama hilo halimo katika kitabu chake cha mafunzo. Anayetaka kumjua Schönberg mtunzi, na si mwalimu peke yake, aanze kwa kuisikiliza Trio hiyo.