Kansa ikifika kwenye ini: mkanda wa joto hapana, sindano ndiyo

Wiki iliyopita shangazi kanipigia toka Morogoro. Mumewe ana kansa ya utumbo mpana, na picha zinaonyesha imeshafika kwenye ini. Sasa kuna jamaa anawauzia mkanda wa kuvaa tumboni, ati joto lake linaunguza kansa. Nikamwambia shangazi hela asitoe kwanza. Nikaingia kafe masaa mawili, nikasoma.

Kwa nini ini? Karibu damu yote ya utumboni hupita kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Seli ya kansa ikichomoka kule, kituo cha kwanza ni hapo. Ila hiyo bado ni kansa ya utumbo, imehama tu.

Yule jamaa hajadanganya kila kitu. Joto kweli linaua kansa, seli ikifika nyuzi 60 inakufa pale pale. Lakini jamani, hata ngozi yako ni seli! Mkanda wa kufikisha nyuzi 60 ndani ya ini utakuwa umeshakukaanga tumbo zima. Ndiyo maana madaktari wanapeleka joto kwa sindano. Mgonjwa anapigwa ganzi au nusu kaputi, daktari huku anatazama ultrasaundi au CT skani anapitisha sindano ndefu kwenye ngozi mpaka ncha iingie katikati ya uvimbe. Ncha tu ndiyo inayochoma. Zipo za umeme, zilizoanza kuelezwa mwaka 1990, na zipo zinazotumia mawimbi kama ya oveni ya maikrowevu. Kwa dakika chache tu uvimbe unaiva, pamoja na ukingo wa nyama nzima ya kuuzunguka, maana seli moja ikibaki kazi bure.

Inasaidia kweli? Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa toka Amsterdam, Uholanzi, wagonjwa karibu 300 wenye kansa ya utumbo iliyofika ini. Nusu walipasuliwa, nusu walichomwa. Waliochomwa hawakuishi muda mfupi kuliko wenzao, na madhara yalikuwa machache zaidi. Upande wa kisu tiba yenyewe iliua watu 3, upande wa sindano hakuna. Utafiti ukafungwa mapema kwa kuwa jibu lilishaonekana.

Ila msishangilie haraka. Hao walikuwa na vivimbe visivyozidi 10, kila kimoja sentimita 3 au chini. Kikikua zaidi, sindano haifiki pembezoni vizuri. Kikikaa jirani na mshipa mkubwa, damu inayopita inapoza joto, kama kuchemsha maji huku mtu anaongeza ya baridi. Na karibu na mirija mikubwa ya nyongo ni hatari, ikiungua ni balaa jingine.

Nikamwomba shangazi anisomee karatasi ya CT. Viwili. Kimoja sentimita 2. Kingine 4 na nusu, ubavuni mwa mshipa. Nikakaa kimya kidogo. Halafu nikamwambia kuna wanaokatwa kile kikubwa na kuchomwa kile kidogo, kwa hiyo swali apelekewe daktari wa upasuaji na wa picha kwa pamoja. Muhimbili tangu 2018 wanafundisha madaktari wa tiba hizi za sindano na picha, wakishirikiana na wenzao wa Marekani. Aombe barua ya rufaa.

Miadi ni Alhamisi. Mkanda hawakununua. Mwenye ndugu aliyepitia sindano hii atupe uzoefu hapo chini kwenye maoni, nitamsomea shangazi.