Kadi ya Sauti ya Nje Hutibu Nini Hasa

Kila kompyuta mpakato yenye tundu la hedifoni tayari ina kadi ya sauti ndani yake: chipu ndogo iliyochomelewa kwenye ubao mama, inayopokea namba na kuzigeuza kuwa umeme wa kusukuma hedifoni. Anayenunua kadi ya nje ya USB, ile ambayo wauzaji huiita DAC, haongezi kitu kilichokosekana. Anaihamisha kazi ileile kutoka chipu moja kwenda nyingine. Cha kujiuliza basi ni chipu ya ndani inashindwa wapi. Kwa maoni yangu huweza kushindwa katika mambo matatu, yote yanapimika, na asiyesumbuliwa na hata moja hana sababu ya kutoa fedha yake. Namba kubwa za biti na kilohezi zinazopamba maboksi hazimo katika matatu hayo.

La kwanza ni kelele. Ndani ya mpakato, saketi ya sauti iko sentimita chache tu kutoka kwa prosesa na vidhibiti vya umeme vinavyowaka na kuzima kwa kasi kubwa mno, na kiasi cha fujo hiyo huweza kuvujia kwenye hedifoni. Kujua kama kwako inavuja ni rahisi. Vaa spika ndogo za kuziba masikio, kwa kuwa hizo hufichua kelele kuliko hedifoni kubwa, zima kila kinachotoa sauti, kisha sogeza kipanya, fungua ukurasa mzito wa intaneti, chomeka chaja na kuichomoa. Ukisikia mvumo wa kudumu, au vijisauti vyembamba vinavyofuata kila unachokifanya, umeupata ugonjwa ambao kadi ya nje huutibu vizuri. Wapo wanaopinga kwamba USB nayo huchota umeme uleule mchafu wa kompyuta. Ni kweli, volti 5 zake hutoka humo humo. Lakini sauti yenyewe husafiri kwenye kebo ikiwa bado namba, na namba haziokoti mvumo njiani. Kifaa kilichoundwa kwa uangalifu huusafisha umeme huo kabla haujafika kwenye amplifaya yake. Kilichoundwa ovyo hakiusafishi, na hicho huweza kuwa kibaya kuliko tundu ulilolikimbia.

La pili halisemwi sana madukani, nalo ndilo linalobadilisha muziki waziwazi: ukinzani wa tundu lenyewe. Chukua spika za masikioni zenye viendeshi kadhaa, ambazo ukinzani wake ni omu 30 kwenye besi na omu 8 kwenye sauti fulani za juu. Ukizichomeka kwenye tundu lenye ukinzani wa omu 10, tundu hilo hula sehemu ya umeme, na hula zaidi pale ukinzani wa spika unaposhuka. Ukipiga hesabu, sauti zile za juu zinapungua kwa zaidi ya desibeli 4 zikilinganishwa na besi, yaani sauti ya mwimbaji inafifia na muziki unakuwa mzito, ilhali hakuna aliyegusa kirekebisha sauti. Kwenye tundu la omu 1, tofauti hiyo haifiki desibeli moja. Ndiyo maana mafundi hupendelea ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni.

La tatu ni nguvu. Sennheiser HD 600, hedifoni ya omu 300, hutoa takriban desibeli 97 ikipewa volti 1. Kwa nyimbo za leo, zilizorekodiwa kwa sauti kubwa mwanzo hadi mwisho, hiyo inatosha. Kwa muziki wa okestra, ambao wastani wake huweza kuwa desibeli 20 chini ya vilele, volti 1 inabana. Hata hivyo watengenezaji wa kompyuta hawajalala: MacBook Pro za inchi 14 na 16 za mwaka 2021 hutambua hedifoni yenye ukinzani wa omu 150 au zaidi na kuipa hadi volti 3. Mwenye moja ya hizo asishawishike haraka.

Kuhusu biti na kilohezi, sampuli 44,100 kwa sekunde hubeba sauti hadi kilohezi 22, na sikio changa lenye afya huishia karibu 20. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kelele na kilele. Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran walichapisha majaribio 554 ambamo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za kiwango cha juu na zilezile zilizopitishwa katika kiwango cha CD. Walipatia mara 276, sawa na kurusha sarafu. Na rekodi alizofanya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, hazina yetu, zimebeba mkwaruzo wa santuri ulio juu mno ya kelele ya biti 16. Kuongeza biti hakuupunguzi.

Atakuwapo wa kusema kwamba ameisikia tofauti kwa masikio yake. Simkatalii kwamba amesikia kitu. Mara nyingi ni kwamba kifaa kipya kina sauti kubwa kidogo, na ongezeko la hata desibeli moja sikio hulipokea kama uzuri. Vilinganishwe vifaa vyote viwili kwa sauti iliyosawazishwa kwa kipimo, mtu mwingine akibadilisha bila kusema, ndipo tuzungumze. Kwa wengi wenye tundu bovu, adapta ndogo ya Apple ya USB-C, iliyouzwa Marekani kwa dola 9 na yenye ukinzani wa takriban omu 1, hutibu kelele na ukinzani kwa pamoja. Fedha iliyobaki iende kwenye hedifoni, maana huko ndiko sauti hutofautiana kwa desibeli nyingi kati ya aina moja na nyingine. Anayehitaji kifaa chenye nguvu kweli akinunue akijua kipimo cha Shirika la Afya Duniani: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na zikifika 90, saa 4 tu.