Upepo upo, jua lipo, lakini je, gridi itahimili?

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, yapata saa nne kasorobo, karibu Kenya nzima iliingia gizani. Mfugaji aliyekuwa amejaza tangi la kupozea maziwa ya jioni alisikia mashine ikinyamaza. Mwenye bucha alifunga friji na kuomba Mungu. Hata katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya mojawapo ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka, na wasafiri wakabaki wakimulikana kwa simu.

Siku iliyofuata kila mtu alitaka kumjua mkosaji. Serikali ilisema mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyoko Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit, ilijitoa kwenye gridi ikiwa inazalisha megawati 270, takriban asilimia 15 ya umeme wote uliokuwa ukitumika saa ile. Kampuni inayomiliki mitambo hiyo ikajibu kwamba haikuwa chanzo. Ilisema volti za gridi ndizo zilizopanda kupita kiasi, na mitambo ikajizima yenyewe ili isiharibike.

Msomaji anaweza kudhani kuwa lazima mmoja wao alikuwa anadanganya. Si lazima. Mtambo unaweza kujizima kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia kwingine, na kule kujizima kwake kukageuza hitilafu ndogo kuwa giza la nchi nzima. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, swali lenye faida ni jingine: mtambo wa upepo, wa jua au wa betri unapoomba kuunganishwa na gridi, unatakiwa uvumilie msukosuko kiasi gani kabla ya kuruhusiwa kukimbia?

Gurudumu la kinu cha posho

Anayejua kinu cha posho cha injini ya dizeli ataelewa jambo hili haraka kuliko mhandisi wa vitabuni. Injini ile ina gurudumu zito la chuma. Ukimwaga debe zima la mahindi kwa mpigo, injini inalemewa kidogo, lakini gurudumu linaendelea kuzunguka kwa uzito wake, na katika nafasi hiyo injini inaongezewa mafuta na kurudi katika mwendo wake. Bila gurudumu, ingezimika palepale.

Gridi nayo ina magurudumu yake. Majenereta ya mvuke ya Olkaria na ya maji katika mabwawa ya mto Tana ni vyuma vizito vinavyozunguka kwa mwendo mmoja, na mwendo huo ndio unaotoa masafa ya umeme ya hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Umeme ukitumika kuliko unaozalishwa, magurudumu hupungua mwendo na masafa hushuka. Yakishuka sana, vifaa maalumu hukata maeneo fulani vyenyewe ili kuokoa mengine. Ndiyo maana wakati mwingine stima hupotea kijijini kwako ilhali mji wa jirani unawaka.

Paneli za sola na betri hazina gurudumu. Umeme wake unapitia inveta, kifaa cha kielektroniki kinachogeuza umeme wa moja kwa moja kuwa wa mapigo. Mitambo ya upepo ina mapanga makubwa, kweli, ila mingi ya kisasa nayo imetenganishwa na gridi na vifaa vya kielektroniki, hivyo uzito wake hausaidii kama ule wa jenereta la maji. Inveta haina nguvu za uzito. Ina akili tu, na akili hiyo ni ile aliyoipanga fundi.

Hapa ndipo viwango vinapoingia. Kanuni za gridi katika nchi nyingi sasa zinautaka mtambo uvumilie volti zinaposhuka ghafla au kupanda kwa muda uliotajwa, uendelee kuzalisha masafa yanapoyumba, na usaidie kuinua au kushusha volti badala ya kusubiri kusaidiwa.

Funzo kutoka Australia

Mfano uliochunguzwa vizuri kuliko mingi ni wa jimbo la Australia Kusini. Septemba 28, 2016, dhoruba kali iliangusha minara ya nyaya kuu. Volti zilishuka mara sita ndani ya dakika mbili. Mitambo ya upepo ilivumilia mara za kwanza, kisha mashamba tisa ya upepo yakapunguza umeme karibu kwa pamoja. Megawati 456 zilipotea katika muda usiozidi sekunde saba. Laini inayoleta umeme kutoka jimbo la jirani ikalemewa na kujikata, na wateja wapatao 850,000 wakabaki gizani.

Uchunguzi uligundua kitu ambacho hata wasimamizi wa gridi hawakukijua. Ndani ya programu za mitambo ile kulikuwa na kikomo kinachohesabu idadi ya misukosuko. Ikizidi idadi hiyo katika muda mfupi, mtambo unajitoa. Upepo haukuwa umekwisha, wala chuma hakikuwa kimevunjika. Ilikuwa namba tu iliyoandikwa na mtengenezaji, na baadaye ilibadilishwa. Baadhi ya kampuni zilipelekwa mahakamani na mdhibiti na kutozwa faini.

Mwaka uliofuata, 2017, jimbo hilo likajenga pale Hornsdale betri ya megawati 100, kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule. Desemba 14, 2017, jenereta la makaa la megawati 560 lilipozimika katika jimbo la Victoria, betri ile iliyo mbali mno ilianza kutoa umeme kabla ya wengi kujua kuna tatizo. Kilichosifiwa ni wepesi wake, kwani umeme iliotoa ulikuwa megawati chache tu.

Lakini wasomaji wanaosikia kila siku kwamba betri ni dawa ya kila kitu wasikie na hili. Mwaka 2022 mahakama iliitoza betri hiyohiyo faini ya dola 900,000 za Australia, kwa sababu kwa miezi kadhaa mwaka 2019 ililipwa ili ikae tayari kusaidia gridi huku isingeweza kutoa msaada wote ilioahidi. Sawa na kumlipa mlinzi wa usiku ambaye rungu ameliacha nyumbani.

Karibu na kwetu, Malawi ilizindua mwaka 2022 kituo cha sola cha Golomoti, wilayani Dedza, chenye megawati 20 na betri ya megawati 5 inayoweza kutoa umeme huo kwa saa mbili. Betri ya ukubwa huo haiwezi kubeba nchi usiku kucha. Kazi yake ni kuziba pengo wingu linapopita, ili gridi ndogo isiyumbe.

Nani alianza?

Marekani nayo imepitia haya. Agosti 16, 2016, moto wa msituni kusini mwa California ulisababisha hitilafu kwenye nyaya kuu, na karibu megawati 1,200 za sola zikapotea. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya inveta zilipima masafa vibaya kwa kitambo kidogo sana, zikadhani gridi imeanguka, zikajitoa. Hakuna kilichoanguka. Visa vya aina hiyo vilijirudia Texas mwaka 2021 na 2022, na Oktoba 2023 mdhibiti wa serikali kuu akaagiza viandaliwe viwango vya lazima kwa mitambo inayotumia inveta.

Miongoni mwa viwango hivyo kimo cha vifaa vya kurekodi. Kila mtambo mkubwa unatakiwa uweke kumbukumbu ya volti, masafa na kila amri ya kujizima, kwa saa inayolingana na ya wenzake, ili baada ya ajali ijulikane kipi kilitangulia. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hicho ndicho kiwango ambacho nchi zetu zingepaswa kukidai kwanza kuliko vyote. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya mtambo. Laiti kumbukumbu za Suswa na Loiyangalani zingekuwa zinawekwa mezani mapema mbele ya umma, majibizano ya Agosti 2023 yangekuwa mafupi.

Na tatizo halikuisha mwaka ule. Asubuhi ya Septemba 6, 2024, laini ya Loiyangalani ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288. Laini ya kutoka Ethiopia ikafuata, na jumla ya megawati 488 zikapotea. Sehemu kubwa ya nchi ikakosa stima tena. Ikumbukwe kuwa umeme wa Turkana unasafiri zaidi ya kilomita 400 kwa njia moja. Mitambo yenyewe, 365 kwa idadi, ilisimama bila kazi tangu 2017 hadi 2018 ikingoja laini hiyo ikamilike. Hata mtambo uliotimiza kila kiwango hausaidii kitu ikiwa njia ni moja na imekatika, kwa hiyo si haki kuulaumu upepo peke yake.

Sola yako ya paani

Mkulima aliyeweka sola asidhani mambo haya ni ya wakubwa. Ujerumani iliwahi kuagiza kwamba mitambo midogo ya sola ijitoe yote masafa yakifika hezi 50.2. Agizo halikuwa na kasoro wakati paneli zilipokuwa chache. Zilipojaa mapaa ya nchi nzima, ikaonekana kwamba siku masafa yatakapofika hapo, umeme mwingi mno utatoweka kwa mpigo mmoja. Kuanzia mwaka 2012 ikabidi mitambo ipatayo 315,000 irekebishwe, mmoja baada ya mwingine.

Nchini Kenya kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja kupeleka kwenye gridi ziada ya umeme wake kwa hesabu ya mita, kwa mitambo isiyozidi megawati 1. Anayefikiria njia hiyo anunue inveta ambayo mipangilio yake inaweza kubadilishwa, na adai karatasi inayoonyesha viwango ilivyopimiwa. Bei ya chini dukani inaweza kugeuka hasara siku mkaguzi atakapoikataa.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Sola iliyounganishwa na gridi bila betri huzimika stima ya gridi inapopotea, hata jua likiwa la utosi. Hiyo si hitilafu. Inveta inajizima ili isipeleke umeme kwenye nyaya ambazo fundi aliye juu ya nguzo anaamini hazina kitu. Anayetaka kupozea maziwa gizani anahitaji inveta ya aina inayofanya kazi na betri, pamoja na swichi inayomtenga na gridi kabisa. Swichi hiyo inamhusu pia mwenye jenereta. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ni kumwekea fundi mtego.

Kwa vifaa vyenyewe, madhara mengi hutokea stima inaporudi, si inapopotea. Volti huruka juu na chini kwa dakika kadhaa. Friji na mashine ya kuangulia vifaranga zipitie kwenye kifaa cha kinga kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Mwenye kinu au pampu ya fezi tatu aweke kinga inayozima mota fezi moja ikikosekana. Mota ikiachwa izunguke kwa fezi mbili itaungua.

Kwa vyama vya maziwa, betri si lazima iwe ndiyo jibu la kwanza. Yako matangi ya kupozea yanayogandisha barafu umeme ukiwapo, kisha barafu ile inapoza maziwa umeme ukiondoka. Kabla ya chama kusaini mkopo wa betri, fundi aulizwe bei ya yote mawili na saa ambazo kila moja litahimili maziwa ya jioni yakiwa yamejaa.

Tangu Desemba 2024 gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Mtambo mkubwa ukianguka upande mmoja, wa pili unaweza kusaidia mara moja. Kwa njia hiyohiyo, msukosuko wa Suswa sasa una barabara ya kufika Singida, na inveta za sola zinazojengwa Kishapu, Shinyanga, zitaupokea kwa namna zilivyopangwa na mafundi wake.