Besidei ya mafumbo: funga tranka, usifunge mlango

Leo naongea na sisi tunaouza vitu vya besidei mtandaoni.

Tukubaliane kwanza: wengi wetu tunauza kitu kilekile. Maputo, bango, kofia za karatasi, mishumaa ya namba. Mteja akiona posti yako anauliza "bei gani?", halafu anaenda kuuliza kwa mwingine, na anayepunguza mia tano ndiye anapata oda. Hapo hakuna faida, ni kukimbizana tu.

Mimi niko Gerezani, na bidhaa iliyonitoa kwenye mbio hizo ni boksi la mchezo wa mafumbo kwa besidei ya nyumbani. Leo nakueleza linavyotengenezwa, hesabu zake, na jambo moja ambalo ukilikosea usiliuze kabisa.

MCHEZO WENYEWE NI NINI

Umeshaona video za watu wamefungiwa chumbani, wanatafuta vidokezo na kutegua mafumbo ili mlango ufunguke kabla muda haujaisha. Biashara hiyo ilianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007. Aliyeianzisha ni Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP. Leo iko duniani kote, na wazazi wengi wanaijua kupitia simu.

Kwetu sio kitu kigeni sana. Mtoto aliyekua na "Kitendawili!" "Tega!" anajua tayari raha ya kutegua. Tunachoongeza ni kufuli na saa.

JAMBO LENYEWE: KINACHOFUNGWA NI TRANKA

Tarehe 4 Januari 2019, mjini Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka 15 walikuwa wanasherehekea besidei kwenye chumba cha mafumbo. Moto ukatokea wakiwa wamefungiwa ndani. Wote watano wakafariki.

Ile ilikuwa biashara rasmi, yenye jengo lake. Sasa fikiria nyumba zetu. Madirisha yana nondo. Mlango wa kutokea mara nyingi ni mmoja. Mtungi wa gesi uko jikoni, hatua chache kutoka sebuleni. Mshumaa wa keki unawaka. Umeme unaweza kukatika muda wowote. Ukimwambia mzazi "wafungie watoto chumbani, watafute ufunguo", umemuuzia hatari, hata kama umeifunga kwa karatasi nzuri.

Kwa hiyo mimi nimegeuza mchezo. Watoto hawafungiwi. Zawadi ndiyo inafungiwa, ndani ya tranka ndogo ya bati yenye kufuli la namba. Watoto wanazunguka nyumbani milango ikiwa wazi, wanatafuta namba tatu za kufungulia. Msisimko ni uleule, saa ni ileile, na hakuna mtoto nyuma ya kitasa.

Hii pia ndiyo sentensi inayouza. Kwenye posti naandika: "Tunafunga tranka, hatufungi watoto." Mzazi anaelewa papo hapo kwamba unajua unachofanya.

VITU VINAVYOINGIA

Ukiwa Kariakoo huhitaji kuagiza chochote mbali.

1. Tranka ndogo ya bati, kama zile za shule za bweni ila ndogo. Ongea na fundi wa bati akutengenezee saizi moja nyingi kwa pamoja, utapata bei ya jumla. Mwambie akunje kingo vizuri zisikate vidole.

2. Kufuli la namba tatu.

3. Bahasha tatu za rangi tofauti, na stika tatu za rangi hizohizo.

4. Karatasi za mafumbo, zimechapwa kwenye karatasi ngumu.

5. Karatasi moja ya maelekezo kwa mzazi. Hii usiidharau, nitairudia chini.

Vitu ambavyo siweki, hata mteja akiomba: viberiti na mishumaa ya "kuleta mazingira", wino wa ndimu, maana ili uonekane lazima upashwe moto, na zile kalamu za maandishi ya siri zenye kitaa. Kalamu hizo nyingi zina betri ndogo ya duara. Mdogo wake mwenye besidei akiimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Faida ya kalamu moja haifiki hapo.

MAFUMBO YANAVYOPANGWA

Kila fumbo linatoa namba moja. Mafumbo matatu, namba tatu. Mfano wa seti ya watoto wa miaka 7 hadi 10:

Bahasha ya njano, kitendawili: "Namtazama ananitazama, nikicheka anacheka, lakini sauti hana." Jibu ni kioo. Wakienda kwenye kioo, nyuma yake wanakuta karatasi yenye 4.

Bahasha ya bluu, hesabu: "Bajaji tatu zimepaki. Jumla zina tairi ngapi chini?" Jibu 9.

Bahasha nyekundu, picha iliyokatwa vipande 12 vilivyofichwa sebuleni. Wakiviunganisha, inaonekana 7.

Juu ya tranka kuna stika kwa mpangilio: njano, bluu, nyekundu. Kwa hiyo kufuli ni 497.

Kwa nini namba tatu? Kufuli la aina hii lina michanganyiko 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Mtoto akiamua kubahatisha, kila jaribio likimchukua sekunde tatu, kuyamaliza yote ni dakika 50. Atachoka, atarudi kwenye mafumbo. Lakini akishapata namba mbili, iliyobaki ina majaribio kumi tu. Maana yake wakikwama kwenye fumbo la mwisho, sherehe haifi.

Kanuni nyingine mbili. Tumia vitu vilivyopo kila nyumba: kioo, ufagio, ndoo, kiti. Wewe hujaingia kwa mteja, usimwambie karatasi iko "nyuma ya kabati la vitabu". Pili, usipeleke watoto jikoni, bafuni, barazani ghorofani wala karibu na soketi.

Na kabla tranka haijatoka kwako, fungua kufuli mwenyewe kwa namba uliyoiweka. Mara mbili. Kisha mtumie mzazi namba hiyo kwa meseji, aihifadhi.

MASWALI KABLA YA KUPOKEA ODA

Mteja akija inboksi, usikimbilie lipa namba. Mimi naandika hivi:

"Karibu sana dada. Naomba kujua: watoto wangapi, umri wao, na wote wanasoma? Mtachezea vyumba vingapi? Na mtu mzima gani atakaa nao mchezo mzima?"

Hilo swali la mwisho ndilo kubwa. Akijibu "dada wa kazi atakuwa anapika huku anawaangalia", mwambie kwa upole kwamba mchezo unahitaji mtu mzima asiye na kazi nyingine kwa dakika 45. Watoto sita hadi wanane wanatosha kundi moja. Wakiwa kumi na tano, wagawe makundi mawili, moja linacheza, lingine linakula.

KARATASI YA MAELEKEZO

Watu wanadhani wanauza tranka. Tunachouza hasa ni sherehe inayokwenda bila sisi kuwepo, na hiyo inabebwa na karatasi hii. Iwe ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, maandishi makubwa:

- Milango yote ya vyumba vya mchezo na mlango wa kutokea iachwe wazi, bila komeo, na njia isizibwe na viti wala viatu.
- Taa zisizimwe.
- Gesi ifungwe wakati wa mchezo. Mishumaa ya keki iwashwe baadaye, tranka ikishafunguliwa.
- Asijifiche mtoto yeyote. Kinachofichwa ni karatasi tu.
- Maputo yaliyopasuka yaokotwe haraka, watoto wadogo hukabwa nayo.
- Wakikwama dakika tano, mpe kidokezo. Wakikwama kumi, wape namba.
- Namba ya Zimamoto na Uokoaji: 114.

HESABU

Bei hizi ni mfano wa mpangilio, weka za kwako. Tuseme tranka 15,000, kufuli 5,000, kuchapa 4,000, bahasha na stika 2,000. Jumla 26,000, bado saa zako mbili za kupanga na nauli ya boda. Ukiuza 30,000 umejidanganya, maana kazi yako hujailipa.

Njia ya pili ni kukodisha. Tranka na kufuli, 20,000, vinarudi. Vinavyoisha kila safari ni 6,000. Ukikodisha kwa 20,000, unabaki na 14,000. Safari ya pili inarudisha mtaji wa vifaa, ya tatu unaanza kula faida. Chukua amana inayofika bei ya vifaa, uirudishe siku hiyohiyo tranka ikifika salama.

Ila kumbuka, besidei nyingi ni Jumamosi na Jumapili. Tranka moja ni safari kama nane kwa mwezi, ukibahatika. Wateja wawili Jumamosi moja wanataka tranka mbili, usiwaahidi wote wawili kwa moja.

Mzigo ni mdogo, kwa hiyo mteja wa Kimara anaweza kupanda mwendokasi mpaka kituo cha Gerezani, mkabidhiane hapo. Anaokoa hela ya boda, na wewe unapata nafasi ya kumwonyesha kufuli linavyofunguka.

PICHA ZA WATOTO

Mteja akikutumia video ya watoto wakishangilia, mkono utakuwasha kuiposti. Subiri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Omba ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na kumbuka kwenye video kuna watoto wa wazazi wengine pia. Mimi naposti mikono midogo inayozungusha kufuli. Inauza vizuri tu.

UNAANZAJE

Tranka moja, seti moja ya mafumbo. Ijaribu kwanza na watoto wa jirani, ukae pembeni na saa. Fumbo walilokwama, rahisisha. Walilomaliza kwa sekunde kumi, ongeza ugumu. Baada ya hapo ndiyo uposti.

Mtaa wetu unaitwa Gerezani, lakini kwenye biashara hii hatumfungi mtu. Mtumie mwenzako anayeuza maputo.