Kupiga Windows Upya: Lini Mashine Iliyobadilishwa Vifaa Huhitaji Mfumo Mpya

Kwa mafundi wengi wa kompyuta wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, kazi inayoitwa kupiga Windows ni tiba ya karibu kila maradhi: mashine iliyo nzito hupigwa Windows, iliyoingiwa na virusi hupigwa Windows, na iliyoongezewa kumbukumbu au kubadilishiwa diski hupigwa Windows pia, hata kama hakuna aliyeuliza sababu. Kwa lugha ya vitabu kazi hiyo ni kusakinisha upya mfumo endeshi, yaani kufuta yote yaliyomo katika sehemu ya diski inayobeba mfumo, kisha kuuandika mfumo huo, au toleo jipya zaidi, kuanzia mwanzo. Kazi hiyo ina mahali pake, ila mahali hapo ni padogo kuliko inavyodhaniwa, na hapawezi kuonekana bila kwanza kueleweka kile ambacho mfumo endeshi hukijua kuhusu mashine unayoiendesha.

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya maunzi, yaani vifaa vya kompyuta vinavyoshikika, na programu nyingine zote anazozifungua mtumiaji; ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski na unaopeleka picha kwenye skrini. Ili iweze kuzungumza na kila kifaa, Windows hutumia draiva, ambazo ni programu ndogo zinazotungwa kwa ajili ya kifaa mahususi, kila moja ikijua tabia za kifaa chake na si za kingine. Wakati wa kusakinishwa, mfumo hukagua vifaa ulivyovikuta, huchagua draiva zinazovifaa, kisha huandika matokeo ya ukaguzi huo katika rejista, ambayo ni hazina ya mipangilio ya mfumo na ya programu zake. Kwa hiyo Windows iliyokwisha kusakinishwa hubeba ndani yake picha ya mashine fulani, na swali la kujiuliza baada ya kubadili kifaa ni kiasi gani cha picha hiyo hakilingani tena na hali halisi.

Kumbukumbu ya muda, inayojulikana zaidi kwa jina la RAM, haigusi picha hiyo hata kidogo, kwa kuwa hupimwa upya kila mashine inapowashwa. Aliyetoka GB 4 akafika GB 16 hana sababu ya kufuta chochote. Kuna hali moja tu isiyofuata kanuni hii, nayo bado hukutwa katika kompyuta kuukuu za maofisini: Windows ya biti 32 ya matumizi ya kawaida haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata zikichomekwa GB 16, na kwa kuwa hakuna njia ya kuigeuza kuwa ya biti 64 huku programu zikibaki mahali pake, hapo kusakinisha upya hakuepukiki. Kadi ya picha nayo huhitaji draiva yake tu, ingawa aliyehama kutoka NVIDIA kwenda AMD hufanya vyema kuiondoa kwanza draiva ya zamani.

Prosesa ikibadilishwa juu ya ubao ule ule, Windows huitambua yenyewe, lakini kuna hatari iliyojificha mahali pasipotazamwa. Katika mashine nyingi za AMD, TPM, ambayo ni sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri, imo ndani ya prosesa yenyewe, hivyo prosesa mpya huja bila funguo zile za awali. Ikiwa diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayogeuza yaliyomo kwenye diski kuwa mafumbo, mashine itadai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Mwenye tarakimu hizo ataziandika na kuendelea na kazi zake; asiyekuwa nazo amepoteza faili zake, na hakuna fundi awezaye kumrudishia. Kwa sababu hiyo BitLocker husimamishwa kabla ya kufungua sanduku la mashine, wala si baada ya kulifunga.

Mabadiliko yanayoleta nafuu kubwa kuliko yote, hasa kwa mashine ya bei ndogo, ni kutoka diski ya sahani zinazozunguka kwenda SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka. Diski ya sahani, ikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, husoma takriban MB 100 na ushei kwa sekunde. SSD ya SATA hukaribia MB 550. Na ile ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, mara nyingi hupita MB 3,000. Mwenye mashine ana njia mbili hapa. Ya kwanza ni kukloni, yaani kunakili diski nzima ya zamani kwenda kwenye mpya, na kwa mfumo ulio mzima njia hii inatosha kabisa. Wanaodai kwamba SSD haitendi kazi sawasawa bila Windows mpya wanarudia ushauri wa zama za Windows XP ya mwaka 2001, ambayo iligawa diski kwa mpangilio usiooana na jinsi SSD inavyoandika. Kasoro hiyo ilirekebishwa tangu Windows Vista. Njia ya pili, ya kuanza upya, hufaa pale ambapo mfumo wa zamani umeelemewa na mabaki ya miaka mingi, kwa kuwa kukloni hakuchagui: virusi na programu za wizi huhama pamoja na picha za harusi.

Ubao mama, ambao mtaani huitwa mazabodi, ndio kifaa ambacho kubadilishwa kwake huigeuza karibu picha yote. Juu yake kuna vidhibiti vya diski, sauti, mtandao, USB na umeme, kila kimoja na draiva yake. Zamani matokeo yalionekana papo hapo: Windows XP au Windows 7 ikihamishiwa kwenye ubao wenye kidhibiti tofauti cha diski, mara nyingi iliishia kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, maana yake mfumo umeshindwa kuifikia diski uliyoandikwa ndani yake, kama nahodha aliyeingizwa bandari ambayo miamba yake haijui. Windows 10 na 11 zimekuwa stahimilivu zaidi, na mara nyingi huwaka baada ya dakika chache za kuandaa vifaa upya. Ustahimilivu huo umewafanya wengi waamini kwamba kusakinisha upya kumepitwa na wakati, lakini kuwaka si sawa na kuwa mzima. Sauti ikikatika wiki mbili baadaye, au mashine ikizimika ghafla, hakuna atakayejua kama kosa ni la draiva iliyobaki kutoka ubao wa zamani au ni la ubao mpya wenyewe ambao bado uko chini ya dhamana. Mfumo uliosakinishwa upya humwondoa mshukiwa mmoja, na huokoa siku nyingi za kubahatisha.

Ubao ukibadilika, leseni nayo huyumba. Tangu Windows XP, Microsoft imekuwa ikiihusisha leseni na alama zinazotokana na maunzi, na katika Windows 10 na 11 ubao mama ndio wenye uzito mkubwa katika alama hizo. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 8 au toleo la baadaye kwa kawaida hubeba ufunguo wake ndani ya ubao, kwa hiyo kwa mashine hiyo diski ikibadilishwa mfumo hujiamilisha wenyewe mara unapoifikia intaneti. Ubao ukifa, leseni ya aina hiyo hufa pamoja nao. Leseni iliyonunuliwa dukani peke yake huweza kuhamishwa, na tangu toleo la 1607 la Windows 10, lililotoka Agosti 2016, mwenye leseni ya namna hiyo huweza kuifunga kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla ya mabadiliko, kisha akaidai upya kupitia kisuluhishi cha uamilishaji. Wengi hukwepa hesabu hizi zote kwa programu za kuvunja leseni zinazozunguka kwenye flashi za mafundi, nazo hudai kwanza kinga ya virusi izimwe, sharti ambalo lingetosha kumtia shaka mtu yeyote mwenye taarifa za benki kwenye mashine yake.

Suala la kusakinisha upya limepata uzito zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 hudai TPM 2.0, mfumo wa kuwashia wa UEFI, RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, kwa sehemu kubwa prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta mpakato zilizotumika zinazoingia Afrika Mashariki baada ya kutolewa maofisini ng'ambo, zikiwemo HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad, nyingine ziko chini ya mpaka huo, na kuzitia SSD na RAM hakubadili prosesa zake. Kwa mashine hizo, Linux ya aina ya Ubuntu au Debian ni chaguo la kuheshimika, tena ina sifa moja inayohusu mada hii moja kwa moja: draiva zake nyingi zimo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe na huchaguliwa kila unapowaka, kwa hiyo diski yenye Linux mara nyingi huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine bila kusakinishwa upya.

Anayeamua kufuta na kuanza upya hapaswi kuiogopa kazi ya kusakinisha, ambayo kwa SSD humalizika mapema. Cha kuogopwa ni yale yanayosahaulika kabla yake. Watu hukumbuka kunakili nyaraka na picha, lakini programu za hesabu kama Tally na QuickBooks huweza kuweka vitabu vya kampuni katika folda ambazo mmiliki hajapata kuzifungua, barua za Outlook huweza kuwa zimehifadhiwa katika faili moja kubwa, na nywila zilizokaririwa na kivinjari hazionekani kama faili hata kidogo. Leseni ya Tally hurejeshwa kwanza kwa kampuni inayoitengeneza kutoka ndani ya programu yenyewe, kisha huombwa upya.

Flashi ya kusakinishia huandaliwa kwa zana inayotolewa bure na Microsoft, nayo huhitaji nafasi ya GB 8 na kifurushi cha intaneti kisichokuwa haba. Diski nyingine zote huchomolewa kwanza, kwa sababu kisakinishi huweza kuweka faili za kuwashia kwenye diski isiyokusudiwa, na siku diski hiyo itakapoondolewa mashine haitawaka. Katika kompyuta mpakato nyingi zenye Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi hudai hakuna diski yoyote, na fundi asiyejua huirudisha SSD dukani akidhani ni mbovu, ilhali kinachokosekana ni draiva ya kidhibiti kiitwacho VMD, ambayo hupakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji na kuwekwa kwenye flashi ile ile. Draiva ya mtandao nayo iwekwe hapo, kwa kuwa Windows 11 hukataa kuendelea bila intaneti. Ikikosekana, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB kwa kawaida huweza kugawa intaneti yake.

Mfumo ukishawaka, draiva za ubao hutangulia, kisha kadi ya picha, kisha marekebisho ya Windows, na programu za kazi huja mwisho. Ni vyema pia kuangalia kama diski mpya imejifunga kwa BitLocker, kwa kuwa tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 Windows 11 huweza kufanya hivyo yenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na tarakimu 48 za ufunguo hukaa katika akaunti hiyo. Diski ya zamani isiguswe kwa wiki kadhaa. Ikiwekwa ndani ya kasha la USB hugeuka diski ya nje, na faili iliyosahaulika huweza kuchukuliwa humo. Ikiwa ni diski ya sahani na inakusudiwa kuuzwa, ifomatiwe kwa njia kamili, kwa sababu ile ya haraka hufuta orodha ya faili tu, na mnunuzi mwenye programu ya kufufua data ataweza kuzisoma.