Mwanamke akisema hakulala, aaminiwe

Tarime na Serengeti, mkoani Mara, uvumilivu hufundishwa mapema. Kwa mila ya Wakurya, anayetahiriwa hatakiwi kutikisa kope, awe mvulana au msichana. Tangu 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini fundisho la kwamba maumivu hayasemwi halijafutwa na sheria yoyote. Basi mwanamke ambaye kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, hupatwa na hasira, machozi yasiyo na sababu, matiti kuuma na usiku wa kugeukageuka kitandani, huambiwa ana kisirani.

Hana kisirani. Mwaka 1931 Robert Frank, daktari wa New York, aliieleza hali hiyo katika maandishi ya kitabibu. Mwaka 1953 Raymond Greene na Katharina Dalton wa Uingereza wakaipa jina linalotumika hadi leo: sindromu ya kabla ya hedhi.

Ushahidi wake mmoja mzito umo usingizini. Mapigo ya moyo, pumzi na jasho huongozwa na neva zinazojiendesha zenyewe, bila sisi kuziamuru. Zina matawi mawili: moja huuamsha mwili ukabiliane na hatari, jingine huutuliza. Tukilala usingizi mzito, tawi la kutuliza hushika usukani na moyo hupunguza mwendo. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni hupanda, joto la mwili huongezeka kwa takriban nusu nyuzi, moyo huenda kasi kidogo hata usiku, na lile tawi la kutuliza hulegea. Hayo huwapata wanawake wengi wasio na shida yoyote.

Fiona Baker, mtafiti wa usingizi aliyewahi kufanya kazi Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, pamoja na wenzake aliwapima wanawake wenye dalili kali. Wanawake hao walisema wanalala vibaya, ilhali mashine ya kupima ubongo ilionyesha usingizi wa kawaida tu. Watafiti wangeweza kuishia hapo na kusema ni mawazo yao. Lakini katika matokeo waliyochapisha 2008, moyo ulitoa habari nyingine: siku za dalili, nguvu ya tawi la kutuliza ilikuwa imepungua wakiwa wamelala. Mimi nauona utafiti huo kama haki iliyochelewa kwa kila mwanamke aliyewahi kuambiwa, “Mbona ulikuwa unakoroma?”

Mkoani Mara kuna tatizo jingine juu ya hilo. Uchovu, kichwa kuuma, viungo kuuma na mwili kuhisi joto: hapa hayo yote ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu hununua dawa mseto dukani bila kupima, hedhi inakuja, dalili zinaisha, dawa inasifiwa. Mwezi ujao anarudi dukani. Kupima malaria ni lazima. Na kipimo kikisema hakuna, tarehe za hedhi zitazamwe.

Tarehe ndizo kipimo chenyewe. Mwanamke aandike dalili zake kwa miezi miwili au mitatu. Zikija siku za mwisho kabla ya hedhi na kuondoka siku chache baada ya damu kuanza, jibu limepatikana. Tiba zipo: baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za sonona kwa wenye hali kali, na madini ya kalsiamu, ambayo mwaka 1998 yalionekana kupunguza dalili katika jaribio lililofanyika Marekani. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vina kalsiamu nyingi, na havikosekani sokoni Tarime wala Serengeti. Anayefikia kutaka kujiua siku hizo asisubiri hedhi imtulize. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kliniki ya wajawazito humwuliza kila mama hedhi yake ya mwisho ilianza lini. Wauguzi wa zahanati zetu, mwulizeni swali hilo hilo na mwanamke anayekuja kusema halali.